Breki Iliyopakwa Mawese

Kila asubuhi kabla ya shule, Mutoni alikuwa na kazi ya kushika kamba. Mama yake, Thacienne, hakuweza kutembea tangu utotoni. Alifanya biashara akiwa ameketi kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungushwa kwa mikono, yenye sanduku la mizigo nyuma. Walitoka Mururu na mzigo wa nyanya, wakateremka hadi Rusizi II, mpakani mwa Rwanda na Kongo, kisha mama akavuka daraja kwenda kuuza Bukavu. Kwenye mteremko mama alivuta breki, na Mutoni alivuta kamba kwa nyuma ili baiskeli isikimbie. Jioni alishuka tena kumsukuma mama kupanda kilima, na hiyo ndiyo safari aliyoichukia. Magurudumu yalilia njia nzima, na mabega yalimuuma hata akiwa kitandani.

Jumanne moja ya mvua, Mwalimu Eugénie aliegemeza ubao kwenye tofali, akateremsha kigari cha mbao. Kikakimbia hadi sakafuni. Mara ya pili alitandika gunia juu ya ubao, na kigari kikakwama katikati.

"Nani amekikamata?" aliuliza. "Ni msuguano. Kitu kikisuguana na kingine, mwendo unapungua. Ndiyo maana mafundi hupaka mafuta, ili gurudumu likimbie vizuri."

Kengele ikalia papo hapo. Mutoni alifunga daftari akiwa na wazo moja tu kichwani, na wazo hilo lilimfurahisha kupita kiasi.

Jioni ile, mama alipokuwa akipika, Mutoni alichota mawese kwenye kikombe. Alipaka kila mahali palipogusana na pengine: kwenye ekseli, kwenye mnyororo, na pia kwenye ukingo wa gurudumu, pale ambapo kipande cha tairi kuukuu hukandamiza breki inapovutwa. Maskini, alidhani anamsaidia mama. Alisukuma gurudumu kwa kidole, likazunguka bila kulia hata kidogo.

Jumatano kulikuwa na manyunyu. Walipofika penye kona kali, mama alivuta breki, lakini gurudumu liliendelea kuzunguka.

"Freni haikamate! Mutoni, vuta! Vuta!"

Mutoni alivuta kwa nguvu zake zote. Kamba ilipita katikati ya viganja vyake ikamchuna ngozi, akaiachia. Baiskeli ilitumbukia mtaroni, nyanya zikatapakaa barabarani, na mama akalala chini akilia kwa maumivu, mkono wake umevunjika.

Wafanyabiashara wenzake walikusanyika. Mzee Hategekimana, ambaye naye alitumia baiskeli kama hiyo, alipiga kelele kuliko wote.

"Nani alitengeneza hii freni?"

"Ni Osée, samedi," mtu mmoja alijibu, akimtaja fundi aliyeikaza Jumamosi.

"Ule muntu atatuua! Tusimupatie kazi tena!"

Mutoni aliona mafuta mekundu yakichuruzika na maji ya mvua kwenye gurudumu. Alielewa kila kitu. Badala ya kusema, aliinama akaanza kuokota nyanya.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Mama alirudi kutoka hospitalini na plasta mkononi, akakaa ndani bila kazi. Kila Mutoni alipokwenda shule, alimwona Osée ameketi peke yake kwenye kibanda chake, spana zimepangwa mbele yake na hakuna mteja. Mtoto aliona aibu hadi akabadilisha njia.

Jumapili baada ya misa, Osée alibisha hodi. Alikuwa ameshika kipande kipya cha tairi.

"Maman Thacienne, pole. Niachie nifungule ile freni, nione fasi nilikosea."

"Acha, Osée. Mukono yangu imeshavunjika. Enda kwako."

"Sawa, Maman. Bantu hawanilete tena kazi. Kesho nitauzisha bifaa byangu, nirudie kwetu Bukavu." Aliweka kipande kile mlangoni, akageuka.

Mutoni hakuweza tena kuvumilia. "Maman, haiko Osée! Ni miye. Nilipakala mawese ku gurudumu!"

Osée alisimama pale pale. Mama alimvuta binti yake karibu kwa mkono mzima.

"Sababu gani?"

"Nilitaka isikuwe nguvu kukusukuma ku mulima."

"Ile ya mafuta nimekusamehe," mama alisema polepole. "Lakini siku ine, Mutoni! Siku ine uliacha muntu abebe kosa yako. Ile utaenda kuisema mbele ya bote."

Jumatatu asubuhi Osée alishika kamba, akamteremsha mama polepole kwenye baiskeli, na karibu na mpaka Mutoni alisimama mbele ya wafanyabiashara akasema yote. Mwalimu Eugénie, aliyekuwa amepata habari, alikuwepo pia. Osée aliosha ukingo wa gurudumu kwa sabuni na majivu, akaukausha kwa kitambaa, akavuta breki. Gurudumu likasimama hapo hapo.

Mzee Hategekimana aliinamisha kichwa. "Osée, unisamehe. Angaliaka na yangu, tafazali."

Mwalimu alimgeukia Mutoni. "Kosa ni langu pia. Kengele ililia nikiwa nimewafundisha nusu, nikawaacha mwende. Msuguano hutuchelewesha tukipanda, lakini tukishuka ndio unaotushika. Mafuta hupakwa kwenye ekseli, hayapakwi kwenye breki."

Mama alishika viganja vya binti yake, ambavyo bado vilikuwa na vidonda.

"Na kusema kweli ni vile vile, mutoto wangu," alisema. "Inakwaruza roho, lakini ndiyo freni ya muntu. Ukiipakala mafuta, utaangusha na benye hawana kosa."

Mutoni aliitikia kwa kichwa. Kisha akaokota kitambaa cha Osée, akaanza kufuta gurudumu la pili.