Boksi Lisilotaka Maji

Boksi la barafu la Dauda liliibwa Jumamosi saa moja asubuhi, siku ya mashindano ya kutunisha misuli mjini Newala. Liliibwa chumbani, kwa wakwe alikofikia, wakati mwenyewe yuko bafuni anajimwagia kikombe cha tatu na cha mwisho cha maji aliyogawiwa na mama mkwe wake.

Saa mbili na nusu Inspekta Sikuzani alikuwa mlangoni na daftari lake. Alikuwa na wiki tatu tu Newala tangu ahamishwe kutoka Masasi. Nyuma yake alisimama Konstebo Nasibu, mzaliwa wa hapohapo, akitafuna ming'oko, mizizi ya porini iliyochemshwa.

Dauda, bingwa wa Masasi mara mbili mfululizo, alikuwa amekaa kitandani. Kitanda kilibonyea katikati. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Boksi la rangi gani?"

"Bluu. Mfuniko mweupe."

"Lilikuwa na nini?"

"Samaki."

"Samaki gani?"

Dauda alitazama dari. "Wa kawaida tu."

"Wangapi?"

"Wawili."

"Bingwa wa Masasi analilia samaki wawili?"

Ming'oko ilimpalia Nasibu. Akatoka nje kukohoa.

Sikuzani alikagua chumba. Kitasa hakikuwa na mkwaruzo. Wavu wa dirisha ulikuwa mzima. Vumbi la dirishani halikuguswa na kidole cha mtu. Mwizi alikuwa ameingia kama mtu anayeingia kwake.

Shakila, mke wa Dauda, aliingia na chai, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, Mama Mwanaisha. Ulikuwa wapi wakati wa wizi?"

"Kwenye foleni ya maji, tangu alfajiri. Nilirudi nyumbani mara moja tu, kufuata ndoo nyingine."

"Ulimwona mtu?"

"Hapana," alisema Shakila, akageuka haraka.

"Mkamateni Alfredi wa Mnyambe!" Dauda alifoka. "Ndiye mpinzani wangu. Nani mwingine?"

* * *

Walimkuta Alfredi ukumbini anapanga mabenchi. Alikuwa amebeba manne kwa mpigo, mawili kila bega.

"Mwili huo umeupata wapi?" Sikuzani aliuliza.

Alfredi aliyatua mabenchi, akacheka kwa uchungu kidogo. "Hata wewe, afande? Juzi nilikwenda kununua dawa ya kichwa, muuzaji akanikonyeza. Eti, 'Ile nyingine bado haijaja, kaka.' Ipi nyingine? Mimi ni ugali wa muhogo, magunia ya korosho, na ule mteremko wa bondeni. Madumu mawili ya maji mkono huu, mawili huu, kila siku tangu nimalize shule."

"Saa moja asubuhi ulikuwa wapi?"

"Mazoezi ya kwaya. Naimba besi. Kama hukunisikia, basi hukuwa Newala."

Nasibu aliitikia kwa kichwa. "Nilimsikia, afande."

Sikuzani alifunga daftari. Alfredi akamsogelea, akashusha sauti.

"Afande, lile boksi si la samaki. Sisi wa kazi hii tunajuana. Kuna dawa za sindano zinakaa kwenye barafu. Sisemi zaidi, maana Dauda si mtu mbaya. Zamani tukikutana alikuwa anatuvunja mbavu kwa vichekesho."

* * *

Wakati wa kurudi walipita kwenye bomba la mtaa. Vyombo vilikuwa vimepangwa foleni hadi kona: madumu ya njano, ndoo, masufuria. Wenyewe walikaa kivulini ng'ambo ya barabara wakisukana.

"Hawaogopi kuibiwa?" Sikuzani aliuliza.

"Hapa mwanamke anaweza kuibiwa mume, afande," Nasibu alisema. "Chombo kilicho kwenye foleni hakiguswi. Hata mlevi hukizunguka."

Sikuzani alisimama. Karibu na mkia wa foleni palikuwa na kitu cha mraba kilichoviringishwa khanga. Alikwenda kukaa na wale wanawake, Shakila akiwa miongoni mwao, akasalimia, akapewa kiti.

Foleni ilisogea. Shakila akainuka, akachukua ndoo ya jirani yake na kuipitisha mbele ya ile khanga. Foleni ikasogea tena. Akapitisha dumu la mwingine.

"Leo Shakila kaamkia upande wa peponi!" bibi mmoja alisema. "Kanipisha mimi, kampisha Lois, kapisha watu kumi na mmoja!"

"Na wewe bibi hata asante hukusema," mwingine alidakia, wakacheka.

Sikuzani hakucheka. Katika mji ambao ndoo inasubiri tangu alfajiri, nani anapisha watu kumi na mmoja? Yule tu ambaye chombo chake hakitaki maji.

"Mama Mwanaisha," aliita taratibu. "Nifungulie khanga yako."

Shakila aliinama, akafungua fundo. Boksi lilikuwa la bluu, mfuniko mweupe. Ndani mlikuwa na vichupa sita vya dawa, mabomba ya sindano, na barafu iliyoanza kuyeyuka. Samaki hawakuwemo.

"Ni mimi," alisema Shakila. "Nilirudi kufuata ndoo, nikarudi nalo. Ningezimwaga, ingekuwa vita. Nilitaka tu siku ya leo ipite bila sindano."

"Kwa nini?"

"Akilala moyo wake unadunda mpaka nausikia mimi. Kijiko kikianguka, anafoka. Na sokoni akipita, watu wanasema, 'Hiyo sindano inatembea.' Kashinda mara mbili, afande, na sijasikia hata mtu mmoja akisema Dauda kashinda." Akajifuta macho. "Sasa ataniacha."

Dauda aliitwa. Alimtazama mkewe, kisha vichupa, kisha mkewe tena. Goti lake liligusa vumbi.

"Unausikia moyo wangu?"

"Kila usiku, Baba Mwanaisha."

Boksi lilichukuliwa kuwa kielelezo. Dauda alitaja jina la aliyemuuzia bila cheti cha daktari, na Sikuzani akaliandika kwa herufi kubwa. Jumatatu, alimwambia, angekwenda hospitali. Dawa kama hizo hata kuziacha kunahitaji daktari.

"Nisipopanda jukwaani watasema nimeogopa," Dauda alisema. "Nikipanda, watasema sindano."

"Basi waambie wewe, kabla hawajasema."

* * *

Saa kumi ukumbi ulifurika. Dauda alipanda amevaa shati, bila namba kifuani.

"Nimechoma sindano miaka miwili," alisema. "Leo sishindani. Naumwa, na aliyenikamata ni mke wangu."

"Tulijua!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Dauda naye akacheka, kicheko kirefu cha tumboni ambacho Shakila hakuwa amekisikia tangu mwaka jana.

Alfredi alishinda. Alipoinua kikombe, sauti zilezile zikaanza: "Na huyu je? Na huyu?" Dauda aliruka jukwaani, akanyakua kipaza sauti.

"Huyu hapana! Nyie mnabahatisha, mimi nimezitumia! Mwili wa sindano naujua, na huu sio!" Akaushika mkono wa Alfredi, akauinua juu. Watu wakasimama. Besi ya Alfredi iliposhukuru, hata Nasibu alirusha kofia yake ya kazi.

Dauda alishuka hadi kwa Shakila.

"Umenikasirikia?" aliuliza Shakila.

"Sana," alisema, akamshika mkono mbele ya mama mkwe na mji mzima. "Twende nyumbani ukanigombeze vizuri."