Nafasi Nyuma ya Katani

Saa saba mchana, mkahawa umefurika, mwanamume mwenye shati la kitani alisimama katikati ya meza akapiga makofi mara mbili.

Mwenye mkahawa alitoka jikoni na aproni yake nyekundu, mwiko mkononi.

"Kaka, hapa hatuitwi kwa makofi."

"Samahani, dada. Sikukuita wewe. Nimekiita chumba, nacho kimenijibu. Kuta tupu, sakafu ya vigae: sauti haina pa kulala."

Mwenye mkahawa alicheka bila kupenda. Mama yake, ambaye masikio yake yalianza kuchoka, alikuwa ameacha kula hapo. Sauti zote zilimjia kwa mkupuo, kama vyombo vinavyoanguka.

Mwanamume yule alikuwa fundi, akitengeneza paneli za nyuzi za katani za kutundika ukutani zimeze mwangwi. Akapewa kazi. Jioni simu zikaanza.

"Umekula, Bwana Kimya?"

"Nile wapi? Mpishi wangu yuko mbali."

"Mpishi wako! Tangu lini?"

Paneli ya mwisho ilipopanda, walikuwa wakiitana mpenzi.

Kesho yake mwenye mkahawa aliona kila paneli imeachana na ukuta, kiganja kizima kikipita nyuma yake. Kazi imelipuliwa, alidhani. Hakuuliza, akamwita seremala azigandamize ukutani. Mchana mvumo ukarudi. Akapiga simu.

"Umenitundikia magunia!"

"Nani amezigusa?"

"Seremala. Amemalizia ulipoishia."

"Ungeniuliza."

"Ungenieleza!"

Simu ikakatika. Wiki nzima hakuna aliyempigia mwenzake.

Jumapili mkahawa umefungwa, mwenye mkahawa alifungua paneli za ukuta mmoja, akaziwekea vipande vya mbao nyuma kama zilivyokuwa, akapiga makofi. Mlio ukafa papo hapo. Akaenda ukuta wa pili, akapiga, mlio ukamrudia. Akarudia tena, maana ushahidi mmoja haumtoshi. Kisha akapiga simu.

"Sikiliza." Akapiga makofi huku, akapiga kule.

"Umerudisha nafasi," fundi alisema.

"Ukuta mmoja tu. Uliobaki njoo uurekebishe mwenyewe. Nilikudhania vibaya, mpenzi."

"Na mimi nilikosa. Hewa ile ndiyo inayosaidia katani kumeza mvumo. Nilijua, nikadhani na wewe unajua."

Fundi alikuja siku hiyohiyo na bisibisi.

Wiki iliyofuata, mkahawa umejaa, mama alikaa meza ya karibu na kaunta. Fundi aliinama juu ya kaunta, akamwambia mpenzi wake kwa sauti ya chini, "Nikuoe?"

Mwiko ulisimama hewani.

"Mjibu mwenzio, mwanangu," mama alisema bila kugeuka. "Nimemsikia vizuri."

"Nioe."

Mama akaendelea kula.