Simba Mwenye Miwani

Meza ya saba ilizungushiwa utepe wa polisi, lakini juu yake hapakuwa na maiti wala tone la damu. Palikuwa na bunda la kadi za mchezo lililopungua kadi moja. Nyuma yake alikaa mwanamke wa makamo, mfuko wa mikate miguuni, machozi yakimtoka bila sauti.

Inspekta alisimama mlangoni, akavua kofia. Vijana wa kituoni walimwita Mama Kobe, tena kwa kunong'ona, kwa kuwa katika utumishi wake wote hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Alilijua jina hilo na hakulikataza, maana kila alipolisikia alijua kuna mvivu karibu wa kutumwa.

"Toa taarifa," alimwambia Koplo.

"Afande, wizi umegunduliwa kabla ya raundi ya nne. Nimefunga milango yote. Hajatoka hata inzi."

"Kimeibwa nini?"

"Kadi, Afande. Ya simba."

"Ya bei gani?"

Koplo alijikuna shingo. "Mwamuzi anasema simba wa aina hiyo watu hugawiana bure. Na huyu amechorwachorwa kwa kalamu, kwa hiyo hata bure hapati wa kumchukua."

"Ukaniita Jumamosi, nguo zangu zimelowekwa kwenye beseni?"

"Mama analia, Afande. Sikujua nifanye nini."

Inspekta alitaka kufoka, akameza maneno. Maiti alikwisha kuzizoea, ila kilio cha mtu mzima kilikuwa bado kinamshinda. Alivuta kiti.

Ukumbi ulijaa watu ambao muda mfupi uliopita walikuwa na furaha isiyo kifani. Kwa miaka kadhaa mchezo wao ulihamia mtandaoni, kila mtu na simu yake chumbani kwake, na leo ndiyo mara ya kwanza waliketi tena uso kwa uso. Asubuhi walikumbatiana watu waliojuana kwa majina ya utani tu. "Kumbe wewe ndiye Nyundo! Mbona mfupi hivyo?" Sasa walikuwa wamesimama ukutani kama wanafunzi waliovunja kioo cha dirisha.

Mlalamikaji alikuwa mwoka mikate, na mtaani kwao hakuna aliyemwita jina jingine ila Mama Mkate.

"Nieleze hiyo kadi, mama," Inspekta alisema.

"Ni ya marehemu mume wangu. Alimchora simba miwani. Miwani yake mwenyewe, mpaka ule mkono wa miwani uliovunjika, akauchora umefungwa uzi."

"Wewe ni mchezaji?"

"Mimi? Alinifundisha mezani jikoni ili apate mtu wa kumfunga." Alicheka kidogo, akajifuta macho. "Leo nimefungwa mara tatu na wala sijali. Sikuja kushinda."

"Ulikuja kufanya nini?"

Mama Mkate alishusha sauti. Mume wake aliugua kitandani muda mrefu kabla ya kufa. Kila jioni alicheza kwenye simu na mtu mmoja, huyo huyo siku zote. Jina la mtu huyo lilikuwa herufi na tarakimu zisizotamkika, kama namba ya gari, hivyo mgonjwa akawa anamwita Jirani.

"Siku za mwisho aliniambia, mashindano yakirudi ukumbini, mpeleke Simba. Picha hiyo ndiyo aliyoiweka kwenye simu, kwa hiyo Jirani akimwona atamtambua. Amenituma nimpe asante. Afande, mume wangu alikuwa na maumivu makali, lakini ikifika jioni nilikuwa namsikia anacheka chumbani. Hata mimi nina asante yangu kwa mtu huyo."

"Simu ya marehemu iko wapi?"

"Ninayo, lakini imejifunga. Neno la siri alikwenda nalo. Nimebaki na Simba tu. Bila yeye, nitamjuaje Jirani kati ya watu wote hawa?"

"Si ungetangaza?"

"Niliona haya. Nikasema nitamweka Simba mezani, Jirani akimwona atasema mwenyewe. Lakini michezo yote mitatu Simba hakutoka kwenye bunda. Nilipokuja kuhesabu kadi, hayupo."

Koplo alikuwa na mpango tayari. "Tupekue kila mtu mpaka soksi, Afande. Tuchukue alama za vidole za ukumbi mzima. Na hiyo mikate tuishike kama kielelezo."

"Mikate iache. Nakuona unavyoiangalia tangu nimeingia. Niitie mwamuzi."

Mwamuzi alikuwa mtu mrefu, sauti imemkauka kwa kupiga kelele, ila uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka harusini.

"Hawa watu mashine imewadekeza, Afande. Yupo aliyegusa kadi yake kwa kidole mara mbili, akakaa akisubiri iende yenyewe. Wengine hawachangi karata mpaka uwakumbushe, maana simu ilikuwa inawachangia. Lakini tatizo kubwa ni mateka."

"Mateka gani?"

"Katika mchezo huu unaruhusiwa kuiteka kadi ya juu kwenye bunda la mpinzani. Unailaza kifudifudi upande wako. Huioni wewe, haioni yeye. Kwenye simu, mchezo ukiisha, kila kadi inarudi kwa mwenyewe. Hapa lazima uirudishe kwa mkono wako. Wamesahau! Wanazoa zote, wanaondoka nazo."

"Hawaoni kwamba si zao?"

"Mlangoni tumewagawia wote vifuko vya plastiki vya bluu vya kuvalisha kadi. Ukitazama mgongoni, kadi zote ni sawa. Ndiyo maana kila baada ya raundi tatu nawahesabisha. Hapo ndipo utasikia, 'Nani kapoteza mamba?' 'Popo huyu ana wenyewe?' Wanacheka, wanarudishiana. Afande, miaka yote hii nimeamua ugomvi wa watu nisiowaona sura. Leo hata kelele zao nazipenda."

"Waliocheza na Mama Mkate walimteka kadi?"

"Wote watatu. Ni mgeni, walimteka kama kuku."

"Basi Simba hakuibwa mezani. Alizolewa."

"Naona hivyo. Lakini mbona hakurudishwa?"

Inspekta alizipekua kadi zilizobaki. Ndani ya bunda la Mama Mkate mlikuwa na kadi ya joka la dhahabu ambayo, kwa maelezo ya mwamuzi, watu wangeigombania. Ilikuwa pale pale, salama. Mtu anayekuta kwake kadi mbovu ya mwenzake hana sababu ya kuificha. Angeinyanyua juu na kuulizia mwenyewe, kama walivyofanya wenzake. Ila kama kwake haikuwa kadi mbovu.

"Koplo," alisema polepole, "mwizi tunayemtafuta sisi na mtu anayemtafuta mama huyu ni mtu mmoja."

Koplo aliacha kuitazama mikate. "Afande, mtu anatafutwa apewe asante, halafu aibe?"

"Hilo ndilo ninalotaka kumuuliza."

Mahojiano yalifanyika katika chumba cha kuwekea viti, nyuma ya jukwaa. Waliitwa wale watatu waliocheza na Mama Mkate, na wa kwanza kuingia alikuwa msusi mwenye kucha ndefu.

"Jina lako la mtandaoni?"

"Kasuku. Nyumbani Kasuku, saluni Kasuku, hata mama yangu kashasahau jina alilonipa."

"Umekuja kuonana na nani leo?"

"Wote! Nimekumbatia watu mpaka mbavu zinauma. Afande, nawe unacheza? Ungependeza."

Wa pili alikuwa dereva wa lori, mkubwa kuliko kiti alichopewa.

"Umekuja kuonana na nani?"

"Nyundo. Miaka yote ananifunga mtandaoni, nikawa natangaza kwamba anaiba. Leo kanifunga mbele ya macho yangu." Alitikisa kichwa. "Nimemnunulia soda. Haki yake."

Wa tatu alikuwa mlinzi wa ghala. Alivaa shati lililopigwa pasi kwa makini, na simu ameibana kifuani. Wachezaji walikwisha kumpa jina la Kimya, kwa kuwa tangu asubuhi hakuna aliyemtoa neno.

"Umekuja kuonana na nani?"

"Hakuna."

"Mwamuzi anasema ulikuwa wa kwanza mlangoni. Na kila aliyeingia ulimkagua uso."

Kimya alinyoosha kola ya shati lake.

"Ulikuwa unamtafuta mtu mwenye miwani?"

Kimya aliishusha simu, akaifunika kwa viganja viwili.

"Jina lako la mtandaoni?"

"Herufi tu, Afande. Na namba. Sikujua niandike nini, nikabonyezabonyeza."

"Nipe simu."

"Ina mambo yangu ya siri."

"Sitaiwasha. Vua kava."

Vidole vyake vilikataa mara ya kwanza, mara ya pili vikatii. Kati ya kava na mgongo wa simu ililala kadi kwenye kifuko cha bluu. Simba mzee aliwatazama kupitia miwani iliyofungwa uzi.

Koplo alitoa pingu. Inspekta alimwonyesha kwa kidole azirudishe zilikotoka.

"Zungumza, baba," alisema. "Sina haraka. Uliza kituoni watakwambia."

Kimya alikaa kitako. Alipoanza, maneno yalitoka kama maji ya bomba lililofungwa siku nyingi, kwanza matone.

"Nalinda ghala peke yangu. Mimi na panya. Mke wangu aliondoka, simlaumu. Ikawa siku nzima inapita sijasema neno na binadamu. Nikaanza huu mchezo ili angalau nisogeze kidole. Ndipo akatokea huyu Simba. Kila jioni, kabla hatujaanza, ananiandikia, 'Umekula, Jirani?' Kila jioni, Afande. Nikawa napika ili nisimdanganye."

"Halafu?"

"Siku moja hakuingia. Nikasubiri kesho yake, na kesho yake tena. Nikajua amenichoka. Watu huchoka. Lakini leo nilisema nitakuja, pengine nitamwona, nimshukuru, nirudi zangu."

"Ukamkuta Simba ndani ya bunda lako."

"Nilipohesabu. Moyo uliruka, nikasema yupo! Kisha nikakumbuka nilikomteka, meza ya saba. Nikainua macho." Alionyesha kwa kidole upande wa ukumbi. "Nikaona mama, peke yake, kaukumbatia mfuko. Nikaelewa. Yaani nilielewa nusu. Nikimrudishia kadi, itabidi nimuulize mwenyewe yuko wapi, na yeye itabidi anijibu. Nikamficha Simba. Maadamu sijauliza, bado alikuwa hai."

Koplo aligundua ghafla kwamba dari la chumba linahitaji kukaguliwa.

"Mlipofunga milango nikazidi kuogopa," Kimya alimalizia. "Nimemwibia mjane. Andika hivyo hivyo, Afande, nitatia sahihi."

Inspekta alikwisha kusikia sababu nyingi za wizi: tamaa, wivu, njaa, ubishi wa kilabuni. Hii hakuwahi kuisikia, na alishukuru kimoyomoyo kwamba hakustaafu kabla ya siku hii. Aliishika kadi, akaiweka kwenye kiganja cha yule mlinzi.

"Utampa mwenyewe. Koplo, mwite mlalamikaji. Mwambie aje na mfuko wake."

Mama Mkate aliingia, akamwona Simba kabla ya kumwona mtu.

"Mama," Inspekta alisema, "huyu ndiye aliyechukua kadi yako. Amekiri. Ukitaka nimfungulie mashtaka, nitamfungulia. Lakini ujue kwanza kwamba huyu ndiye Jirani."

Kimya alisimama, kadi mkononi. "Nisamehe, mama. Ni kweli? Ametutoka?"

"Ametutoka, baba. Alikwenda jioni, baada ya mchezo wenu."

"Nilidhani kanichoka."

"Akuchoke!" Mama Mkate alikaribia kumgombeza. "Mimi ndiye nilikuwa nachoka. Jirani kafanya hivi, Jirani kanitega vile, Jirani leo amekula maharage. Nilikuwa najua unapika nini kabla sijajua nitapika nini mimi. Amesema asante. Amesema wewe ndiye uliyemfanya aingoje jioni. Na mimi nasema asante, kwa kila kicheko nilichokisikia kutoka kile chumba."

Kimya aliinamisha kichwa na kulia waziwazi. Mama Mkate alimwacha alie. Kisha alichukua kadi taratibu, akaifuta kwa pindo la kanga yake.

"Huyu narudi naye nyumbani," alisema. "Ukimtaka, mashindano yajayo njoo umteke kihalali. Nitakuwepo."

"Milima haikutani," Koplo alinong'ona, akipenga kamasi. "Na kesi je, Afande?"

"Kesi ipi? Kadi ilizolewa kwa bahati mbaya, imerudi kwa mwenyewe. Toa ule utepe, watu wacheze."

Mlango ulipofunguliwa, kelele za ukumbi ziliingia: viti vikiburutwa, karata zikichangwa, mwamuzi akiwahesabisha watu kwa sauti iliyokwisha, Kasuku akiuliza nani kapoteza nyoka. Inspekta alibaki pale akisikiliza. Nguo zilizokuwa kwenye beseni hakuzikumbuka tena.

Mama Mkate alikaa kwenye kiti cha akiba, akafungua mfuko. Alitoa mkate mmoja, akaumega katikati, akanyoosha mkono wenye nusu yake.

"Umekula, Jirani?"

Kimya alijifuta uso kwa mkono wa shati lake lililopigwa pasi.

"Bado," alisema, akavuta kiti.