Hodi Iliyokemewa

Jumamosi hiyo Télesphore alikuwa amekaa barazani kwake mtaani Mutakura, Bujumbura, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, akitafuna karanga na kujihurumia. Wiki nzima alikuwa amekimbiza makaratasi ya saruji bandarini, maana kazi yake ni déclarant, mtu wa kuwabembeleza watu wa forodha mpaka mzigo ushuke melini. Alishafika Kigoma, Kalemie, Mpulungu, hata Dubai mara moja, na kote huko, alipenda kusema, kitu pekee kilichomtisha kilikuwa choo cha meli.

Saa tisa alasiri geti likagongwa. Mara mbili haraka, ya tatu polepole.

Karanga zikamwagika ndani ya beseni.

"Elvire," akamnong'oneza mkewe. "Amerudi."

"Amerudi nani? Jana tu mumekemea mpaka majirani wameziba masikio. Mafuta ya upako umepaka kila mulango, mi natembea humu ndani kama mutu kwenye barafu!"

Elvire akaenda mwenyewe kufungua. Njia ilikuwa nyeupe kwa jua. Vumbi limetulia. Hakuna alama ya mguu hata moja, isipokuwa ya kuku.

Ilikuwa miezi minane sasa. Mwanzoni hodi ilikuja mara moja kwa mwezi. Pasteur Maxime na kundi lake la maombi walipoanza kuikemea, ikawa kila Jumamosi. Walipoongeza kufunga chakula, ikawa karibu kila siku. Kila Ijumaa walijaa sebuleni wakipaza sauti: "Toka! Huna nafasi hapa! Rudi ulikotoka!" Na aliyepaza kuwashinda wote alikuwa Télesphore. Jumapili alisimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba amepona, kwa sababu Maxime alimfundisha kwamba uponyaji hupokelewa kwanza kwa mdomo.

"Nimeshapona mara nne," alimwambia Elvire. "Hakuna mutu Bujumbura amepona kunishinda mimi." Lakini hakucheka. Alikuwa amechoka na Maxime, amechoka na mafuta, na usiku, mto ukiwa juu ya kichwa, alimwuliza Mungu kwa hasira kama anasikia au ana kazi nyingine.

Kuna jambo hakuwahi kulitia kwenye ushuhuda.

Miaka kumi iliyopita, ule mwaka wa vurugu, Elvire akiwa kwa wazazi wake Kajaga na mtoto mchanga, Jovithe, mdogo wake Télesphore, alikuja mbio kwenye geti lile lile. Watu walikuwa wanamfukuza. Alibisha. Télesphore alikuwa amesimama upande wa pili, mkono juu ya komeo, na hofu ilimshika hata mkono ukawa si wake. "Toka hapa," alimwambia kupitia bati. "Nenda." Nyayo zikaondoka. Risasi hazikusikika. Hakuna kilichosikika, mpaka leo. Asubuhi aliokota kandambili moja mbele ya geti, akaitupa mferejini.

Mama yao aliambiwa kwamba Jovithe alivuka ziwa, yuko Kigoma, anafanya kazi. Kila Télesphore aliposafiri, alirudi na salamu za Jovithe. Na vitenge. Vitenge vitatu, vizuri, vya kuchagua.

Jumatano, bintiye Joëlla aliingia kutoka uani na kamba yake ya kuruka.

"Papa, kuna tonton mumoja, mwanaume simujui, kwenye geti. Anauliza kama sasa anaweza kuingia."

"Umemujibu nini?"

"Nimemwambia angoje nikuulize." Akajikuna shingo. "Papa, mbona amevaa kandambili moja?"

Télesphore akaketi chini. Si kwenye kiti. Chini.

Elvire hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Jumamosi nakwenda Kajaga na mutoto," akasema. "Sirudi nyumba inayoongea na binti yangu. We baki na Pasteur wako."

Ijumaa walikuja wote. Safari hii alikuwepo pia Mama Epiphanie, mama yake Télesphore, aliyesikia kwamba nyumba ya mwanawe inasumbuliwa. Alikaa kwenye kona na rozari yake, Mkatoliki peke yake katikati ya walokole.

"Toka!" Maxime akaanza.

"Toka!" wakaitikia.

Geti likagongwa. Mara mbili haraka. Ya tatu polepole.

Mama Epiphanie alisimama. "Nyamazeni. Huyo ni Jovithe. Tangu mutoto anabisha vile."

"Apana, Mama," Maxime akasema kwa upole. "Jovithe si yuko Kigoma?"

Mama hakumtazama Maxime. "Eti, Télé? Yuko Kigoma?"

Mtu aliyewahi kuwapindua maofisa wa bandari tatu kwa maneno matamu alifungua mdomo, na utani wote ulikuwa umekauka. Akasema. Geti, komeo, kandambili. Alisema yote akiangalia viatu vya mama yake.

"Na vitenge? Nani alinunua?"

"Mimi."

Mama akavuta pumzi ndefu. Kisha akawageukia wanamaombi. "Basi miezi munane mulikuwa munamwambia nini mutoto wangu?"

Maxime akaiweka chini chupa ya mafuta, akapiga magoti. "Tulimwambia atoke, Mama. Utusamehe. Leo hatukemei kitu."

Télesphore aliomba bila kupaza sauti, kwa mara ya kwanza tangu ajue kuomba. "Bwana, nilimfungia ndugu yangu." Basi. Alirudia hilo hilo mpaka kamasi zikafika kwenye tai. Na ndani ya kifua, mahali palipokuwa pamekaza miaka kumi, pakalegea kidogo, kama ngumi ya mtu anayesinzia.

Mama alimwekea mkono kichwani. "Sijakusamehe bado," akasema. "Lakini tutamwondolea matanga. Anastahili kuganduka, musiba wake umalizwe, kama mutu yeyote."

Elvire hakwenda Kajaga. Alisema ataamua baada ya matanga.

Wiki mbili baadaye waliyafanya, bila mwili, kwa picha tu. Majirani walijaa uani, kuna pombe ya ndizi, kuna Fanta, wali na maharage. Télesphore alisimama akasema ukweli mbele ya watu, na wengine waliondoka bila kuaga. Geti liliachwa wazi kutwa. Saa tisa ilipita. Hakuna hodi.

Jioni jua likiwa bado juu ya milima ya Kongo, jamaa wote walitoka kuwasindikiza wageni wa mwisho mpaka barabara ya lami, kama inavyopasa. Waliporudi, geti lilikuwa limefungwa.

Télesphore akasukuma. Komeo lilikuwa limetiwa kwa ndani.

Elvire akahesabu vichwa. Wote walikuwa nje. Akahesabu tena.

"Basi bisha," Mama akanong'ona.

Télesphore akabisha. Alingoja, na alivyongoja alijua kungoja ni nini.

Komeo likasogea taratibu. Geti likaachia.

Uani hapakuwa na mtu. Sahani sitini zilikuwa zimerundikwa chafu kando ya bomba, nzi juu yake.

Moja ilikuwa imeoshwa. Imeinamishwa juu ya jiwe, inachuruzika maji.

Mama Epiphanie akaichukua, akaikumbatia kifuani, na hakumruhusu yeyote kuifuta.