Vema Kumi na Tisa

Ndugu zangu wazazi, na ninyi walimu wenzangu mliojibanza nyuma kule, sogeeni. Leo sisemi na mlevi peke yake. Mlevi tumemsema mpaka midomo imekauka. Leo nasema na mtu mwema, maana huyo ndiye hatumgusi kamwe.

Asubuhi katika darasa la saba ilikuwa raha tupu. Mwalimu wao, mama mpole, wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Taratibu, kwa sababu hakumaliza sentensi mbili bila kusema "taratibu, wanangu." Madirisha mawili hayakuwa na vioo, na dawati la watu wawili lilikaliwa na wanne, lakini hakuna aliyenuna. Mwalimu alifungua daftari la mahudhurio, akaita majina. Aliyepo alitiwa alama ya vema, asiyepo duara. Msichana mmoja wa mbele alikuwa akiitika "Nipo!" kabla jina lake halijaisha kutajwa. Alikuwa na maneno huyo! Wenzake wakamwita Chiriku. Hesabu alizitafuna kama karanga, na mwalimu alikwisha kujiapiza kwamba mtoto huyu atafika sekondari, inyeshe mvua, liwake jua.

Kisha mama yake Chiriku akafariki, akaacha kitoto cha kiume cha miezi sita. Shangazi alikaa nao miezi miwili, akarudi kwa wanawe. Baba yao, fundi mwashi, akahamia kwenye pombe. Mwanzoni watu walimhurumia, baadaye wakamzoea, na kuzoea, jamani, ndiyo tabia yetu mbaya kuliko zote. Alitoka alfajiri, akarudi akipenda, na siku nyingine hakurudi. Sasa mtoto alelewe na nani? Chiriku.

Duara la kwanza likaingia daftarini, la pili, mpaka la tano. Siku hiyo ya tano, saa tisa alasiri, wenzake wameshatawanyika, Chiriku akatokea na mdogo wake mgongoni kwenye mbeleko.

"Mwalimu, nimekuja kuchukua hesabu za leo."

"Na za jana na juzi?"

"Na hizo."

Mwalimu akamketisha, akamfundisha. Mdogo mtu akatambaa chini ya madawati akitafuna vipande vya chaki mpaka mdomo ukawa mweupe, wote wawili wakacheka. Tangu siku hiyo Chiriku alikuja kila alasiri aliyoweza, na mwalimu alinunua maziwa ya mtoto kutoka mfukoni mwake. Semeni mtakayo juu yake, nami nitasema yangu, lakini yule mama alikuwa na moyo.

Alasiri ile ile ya kwanza, kabla ya kuondoka, Chiriku aliliona daftari liko wazi mezani.

"Mwalimu, haya maduara ni yangu?"

"Ni yako, mwanangu."

"Yakifika thelathini?"

Mwalimu akamweleza kweli. Yakifika thelathini jina hukatwa kwenye orodha ya mtihani. Tena kabla ya hapo mwalimu mkuu hupeleka taarifa kwa afisa ustawi wa jamii, yule anayeshughulikia watoto walio taabani.

"Huyo afisa atatutenganisha mimi na mdogo wangu," Chiriku alisema. "Mwalimu, nakuomba. Usinikate."

Kesho yake asubuhi Mwalimu Taratibu alilifikia jina la Chiriku, hakulisoma kwa sauti, akatia vema. Alasiri akamwambia, "Iwe siri yetu. Tusimwambie mtu. Likijulikana hili, kazi yangu imekwenda na maji." Chiriku akafurahi. Na nani asingefurahi?

Vema zikafuatana. Lakini jirani yao akina Chiriku alikuwa mama muuza mkaa, mtu asiyejua kumeza neno. Alikwenda kwa afisa kwa miguu yake akasema: pale kuna watoto wawili peke yao, mkubwa haendi shule, mdogo anazidi kukonda. Ijumaa afisa akaja shuleni. Akapewa daftari, akapitisha kidole kwenye mstari wa Chiriku. Maduara matano, kisha vema kumi na tatu mfululizo.

"Mwalimu, mtoto huyu anakuja?"

Hapa, ndugu zangu, ndipo palipokuwa pa kusemea! Msaada ulikuja wenyewe, ukaketi kitini, ukauliza. Mwalimu alimtazama afisa, akaikumbuka orodha ya mtihani, akaukumbuka mkate wake.

"Anakuja," alisema. Na wala hakudanganya kabisa, maana jana alasiri alikuja.

"Basi yule jirani ana mdomo tu," afisa alisema, akafunga jalada lake.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya mitihani ya majaribio, na mwalimu alikuwa akisahihisha hadi jioni. Jumatatu na Jumanne Chiriku alikuja mara moja moja, akakaa kidogo. Jumatano hakuonekana, wala Alhamisi, wala Ijumaa. Mwalimu alitia vema siku zote tano za wiki ile, akajisemea, ataibuka tu. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huamini kinachompumzisha.

Jumatatu alikuwa ndiyo kwanza ametia vema ya kumi na tisa alipomwona Chiriku mlangoni, sare ameivaa nje ndani, mbeleko mgongoni.

"Mwalimu, hataki uji. Hata maji hataki. Alikuwa akiharisha na kutapika tangu Jumatano, sasa ametulia."

Mwalimu aliifungua mbeleko. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama, na ngozi ya tumbo ilipofinywa ilibaki imesimama. "Mungu wangu!" Akamkumbatia, akatimua mbio kwenda zahanati, mitaa miwili tu kutoka shuleni, kiatu kimoja amekiacha njiani. Muuguzi alihangaika kutafuta mshipa wa dripu, mkononi, mguuni, kichwani. Saa sita mchana alivua glovu.

"Kaishiwa maji mwilini. Huyu alikuwa wa kupona, Mwalimu. Mngemleta Alhamisi angepona. Watu wazima mlikuwa wapi?"

Mwalimu akamgeukia Chiriku. "Mwanangu, zahanati si hii hapa? Kwa nini hukumleta?"

"Nilimleta Alhamisi. Nikafika mpaka getini." Chiriku aliongea huku akiikunja mbeleko, akiikunja tena. "Nikakumbuka wataniuliza mbona siko shuleni saa hizi. Na kule nimeandikwa nipo. Ungefukuzwa kazi, Mwalimu. Ulisema tusimwambie mtu."

Mwalimu Taratibu alikaa chini sakafuni akalia kwa sauti, watu wakaja kuchungulia.

Baba mtu aliletwa mazikoni ameshikwa mkono huku na huku. Alipozindukana kesho yake alilia mpaka sauti ikamkauka. Mwalimu naye alimpelekea mwalimu mkuu daftari, akamwonyesha vema za uongo moja baada ya nyingine. Mwalimu mkuu akalifunga daftari.

"Mtoto aliyefiwa huombewa ruhusa," alisema. "Ni barua moja tu. Jina lake lisingekatwa."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Mama muuza mkaa hakumtukana mwalimu, na afadhali angemtukana. Alimwambia tu, "Mimi nilisema, Mwalimu. Mimi nisiyejua hata kusoma."

Chiriku alichukuliwa na mama yake mdogo, anayeishi mbali. Siku ya safari mwalimu alikwenda kumuaga, akamkuta ameketi juu ya begi lake, kimya. Alimpa madaftari mapya. Msichana akayapokea kwa mikono miwili, akauliza, "Mwalimu, nilikosea wapi?"

"Hukukosea popote, mwanangu. Nilikosea mimi."

"Lakini mimi ndiye niliyekuomba."

Ndipo mama mdogo akaja kulibeba begi.

FUNZO

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwalimu huyu aliogopa machozi ya siku moja, akavuna kilio cha maisha. Hakuwa mkatili. Alitoa maziwa, alitoa alasiri zake, na kama angetoa na neno moja kwa mwalimu mkuu, leo mtoto yule angekuwa anatembea. Walimu wenzangu, kumsaidia mtoto aliye taabani si kumfichia taabu yake. Na msimpe mtoto siri ya mtu mzima aibebe, maana ataibeba kweli, mpaka imshinde. Nanyi majirani, semeni kama mama muuza mkaa, na mkipuuzwa semeni tena. Baba mlevi ana dhambi yake, tutamwambia. Ila vema zile kumi na tisa hakuzitia yeye. Tulizitia sisi watu wema.