Kompyuta ya Bi Mkubwa

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa kompyuta, mtu asiyeamini hata ndoto zake mwenyewe.

Mama mmoja alimwita nyumbani afute kompyuta kuukuu na kuiwekea mfumo mpya. Diski za mfumo zilishapotea, kwa hiyo fundi akachomeka flashi.

"Kompyuta hii ilikuwa ya mke wa kwanza, marehemu. Alikuwa mpiga chapa," mama akasema, akibenua midomo. "Kila jioni mume wangu anaikodolea macho kama mposaji. Mimi niliolewa na mjane, sikuja kuwa mke mwenza wa kaburi! Futa, fundi. Usibakize hata chembe."

Fundi akafuta. Mfumo mpya ukaingia, ukauliza jina la mwenye kompyuta. Mama akakaa kwa madaha, akaanza kuandika lake kwa kidole kimoja, akidonoa herufi kama kuku. Kabla hajalimaliza, umeme ukakatika. Giza totoro. Mama akaruka kitini, akamshika fundi mikono yote miwili.

Ndipo kibodi ikaanza kulia, mbio mbio, mfululizo, kama mvua juu ya bati.

"Fundi, acha mchezo!"

"Mama, mikono yangu si umeishika mwenyewe?"

Mumewe, aliyekuwa amejilaza chumbani, akacheka taratibu, kicheko ambacho mama yule hakuwahi kukisikia.

"Kipenzi," akaita, "bado tu hujamaliza kazi?"

Kibodi ikanyamaza. Nyayo nyepesi zikapita kando yao, na mlango wa chumbani ukafungwa komeo kwa ndani.