Meli Iliyoinuliwa Nchi Kavu

Wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, mji wa Kisii hujaa mpaka mtu akiinama kufunga kamba ya kiatu, kumi wanampita juu ya mgongo. Siku hiyo dukani kwa Manju, muuza vitambaa, laini ya wazazi ilianzia kwenye kaunta ikamwagikia barazani. Hapo barazani ndipo Mokeira alipoketi na cherehani yake akipinda sketi za buluu. Alivaa gauni la kitenge la rangi ya ndizi mbivu, na kichwani kitambaa cheupe kilichofungwa kwa nyuma.

"Dada, hiyo cherehani yako inaumwa," sauti ya kiume ikasema.

Mokeira hakuinua kichwa. "Kama umekuja kushonesha, shika laini."

"Sikuja kushonesha. Inasema tik, inanyamaza kidogo, halafu inasema tak. Hiyo tak ndiyo mbaya."

Ndipo akatazama. Aliona kijana mrefu, shati jeupe lenye mikunjo ya pasi iliyonyooka kama reli, na viatu vyeusi vinavyong'aa. Viatu hivyo ndivyo vilivyomtia shaka. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na hata gari la kasisi lilikuwa na tope mpaka kwenye vioo.

"Wewe ni daktari wa cherehani?"

"Fundi wa injini. Injini ya meli."

"Meli. Hapa Kisii. Umeiegesha wapi, sokoni Daraja Mbili?"

Laini nzima ikacheka. Manju, miwani ikiwa puani na mkasi mkononi, akasema kutoka ndani, "Muulize kama ina nafasi, Mokeira. Wewe jioni unarudi Nyamira."

Kijana akacheka pamoja nao. Jina lake lilikuwa Ogoti, mwana wa mchonga mawe wa Tabaka. Miaka kumi na miwili alikuwa katika jeshi la wanamaji, yote ndani ya meli moja ya doria, na sasa alikuwa likizoni. Alipiga magoti bila kujali suruali yake, akafungua kifuniko cha chini, akatoa uzi uliojisokota kwenye gurudumu, akadondosha mafuta matone matatu. Cherehani ikaenda kimya kama paka.

"Nikulipe nini?" Mokeira akauliza.

"Nambari ya simu."

"Ghali hiyo." Lakini akampa.

Mapenzi yakaota kwenye simu. Ogoti aliporudi Mombasa alipiga kila jioni meli ikiwa bandarini, akamweleza jinsi wanavyokwangua kutu na kupaka rangi, jinsi injini mbili zinavyotofautiana tabia kama pacha, moja mvivu asubuhi, ya pili mlafi wa mafuta. Akamtumia picha moja tu, meli ya kijivu yenye namba nyeupe ubavuni. Yeye mwenyewe hakuwemo.

Kisha ghafla simu ingezimwa. Wiki mbili. Wiki tatu.

"Ulikuwa wapi?"

"Kazini, mrembo wangu."

"Kazini wapi?"

"Majini."

"Maji ni mengi, Ogoti."

"Na mimi ni mmoja tu, wako."

"Usinipake mafuta, mimi si injini."

Walicheka, lakini Mokeira akikata simu alibaki ameishika mkononi akiitazama. Maureen, rafiki yake mwenye saluni mlango wa pili, hakumsaidia. "Watu wa meli wana mke kila bandari," alisema akisuka. "Wewe utakuwa wa bandari gani? Nyamira?"

Kwa Wakisii ndoa haianzi kwa pete. Huanza kwa esigani, mtu wa kati anayetumwa kuchungulia nyumba ya pili: kuna wizi, kuna wazimu, kuna mke aliyefichwa? Esigani wa Mokeira alikuwa shangazi yake Nyanchoka, mwanamke mfupi mwenye mkoba mweusi ambaye katika miaka thelathini alikuwa ameunganisha nyumba nyingi na kuvunja uchumba mwingi zaidi. Alifika Tabaka bila taarifa, saa ya chakula cha mchana, maana saa hiyo sufuria haidanganyi. Aliwakuta wazee wema, nyumba safi, vumbi la mawe kwenye nyusi za baba. Alimuuliza mama, "Mwanao yuko wapi sasa?"

"Hata mimi sijui," mama akasema. "Huniambia tu yuko majini."

Nyanchoka alirudi ameng'ata mdomo. "Mama hajui mwanawe alipo. Ama ni nyumba ya watu wanyamavu, ama ni nyumba ya waficha mambo. Nitajua."

Hata hivyo Jumapili ya utambulisho ikapangwa. Nyamira wakachinja kuku wanne, wakapika matoke na obokima, ugali wa wimbi, baba yake Mokeira akavaa koti lake la kitambaa kizito jua likiwa kali. Wakangoja. Saa sita, saa nane, saa kumi. Simu ya Ogoti ilikuwa imezimwa. Wazee wa Tabaka nao walikuwa wakimngoja huko kwao wamevaa tayari. Jioni baba alivua koti, akalikunja polepole, akasema neno moja tu: "Nimeona."

Siku arobaini zikapita kimya. Kwaya ya Maureen ilikwenda kuimba Mombasa, na kutoka huko akatuma picha aliyoipiga akiwa kwenye feri ya Likoni. Ilionyesha meli ya kijivu imeinuliwa nchi kavu kwenye yadi ya mafundi, tumbo nje, na ubavuni namba ileile. Chini Maureen ameandika: "Shoga, meli iko hapa. Nimefika mpaka getini, mlinzi wa yadi anasema ina miezi miwili haijagusa maji. Sasa mtu wako yuko maji gani?"

Mokeira alilia kidogo, halafu akashona shati mikono miwili yote ya kushoto.

Baba akakata shauri. Obadiah, mwalimu wa shule ya jirani, alikuwa amemposa kwa heshima mara mbili. "Jumapili ijayo saa nne na nusu anakuja kuchukua jibu," baba alisema. "Ukinyamaza, nitasema ndiyo."

Siku ya Jumatano simu ikalia kwa nambari ngeni.

"Moke."

Mokeira akasimamisha cherehani.

"Moke, najua nimekosa. Kesho asubuhi niko Kisii. Nipe saa moja tu."

"Njoo," akasema. "Lakini hutanikuta peke yangu."

Walikutana katika hoteli iliyo nyuma ya duka la Manju, meza ya pembeni, chai ya maziwa na mandazi. Ogoti alikuwa amekonda, ngozi ya pua imebabuka kwa jua. Nyanchoka alivaa gauni lake la kola ya lesi, mkoba juu ya magoti, mikono juu ya mkoba.

"Bwakire, mama," Ogoti akamsalimu akiinama.

"Bwakire buya. Kaa. Siku hizo zote ulikuwa wapi?"

"Baharini, mama."

"Na meli yenu ilikuwa wapi?"

"Nchi kavu."

Wanawake wakatazamana. Nyanchoka akasogeza kikombe. "Kwa hiyo ulitembea juu ya maji, kama Petro."

"Nilipandishwa meli nyingine. Yetu imezeeka, mama." Akashusha sauti, na hapo mikono yake ikaanza kusema pamoja naye. "Ina miaka ishirini na saba. Chumvi imekula mabati ya chini mpaka ukigonga kwa nyundo yanalia kama debe. Vipuri vya injini havitengenezwi tena popote, tulikuwa tunavichonga wenyewe. Imefukuza meli za wavuvi wa nje, imeokoa watu. Siku moja tuliwatoa tisa majini, mzee mmoja bado ameshika kopo lake la ugoro mkononi, anauliza kama limelowa. Sasa imeshushwa bendera. Imeondolewa mizinga. Sisi tukagawanywa kama watoto wa marehemu, huyu kwa baba mdogo, huyu kwa mjomba. Mimi nikapewa meli mpya, na siku hiyohiyo tukaitwa. Simu zilikusanywa sandukuni kabla hatujang'oa nanga."

Mokeira akashusha pumzi. Walikuwa wamedhani baharia ni kama mwalimu na shule yake, shule ikionekana basi na mwalimu yupo. Lakini hakulegea. Maneno matamu alikuwa ameshayasikia mengi.

"Mkaitwa kwenda wapi?" Nyanchoka akauliza.

"Hapo sipiti, mama."

"Nisikilize, kijana. Jumapili Obadiah anachukua jibu. Neno langu moja kwa mzee linatosha kumrudisha nyumbani. Niambie mlikwenda wapi, nikamnong'oneze mzee, mlango umefungwa. Ukoo mzima hautajua."

"Siwezi. Kuna wenzangu bado wako huko."

"Hata kama unamkosa huyu?"

Ogoti akamtazama Mokeira, kitambaa chake cheupe, kidole alichojidunga sindano. "Hata kama."

"Mwongo naye husema ni siri," Mokeira akasema kwa sauti ndogo.

"Najua. Ndiyo maana sikulaumu." Akainuka, akaomba radhi kwa ajili ya wazee waliovaa na kungoja, akachukua begi lake, akatoka mvuani.

Nyanchoka akamega andazi, akatafuna muda mrefu.

"Waongo wote niliowakamata walinipa jibu," akasema hatimaye. "Mwongo ukimuuliza wapi, anakutajia mpaka rangi ya mlango. Huyu ameninyima."

"Kwa hiyo ni mkweli?"

"Sijasema hivyo. Nimesema ameninyima."

Mokeira akatoka bila mwavuli. Alimkuta Ogoti amejikinga kwenye kibanda cha muuza ndizi, begi kifuani.

"Sitakuuliza tena wapi," akasema. Maji yalimtiririka usoni na hakuyafuta. "Nakuuliza hili. Ukizama, nitajuaje? Nitasikia kwenye redio nikishona, kama mtu baki?"

Ogoti akafungua begi. Ndani ya mfuko wa plastiki kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara mbili.

"Kila baharia hujaza hii. Jina la mtu wa kwanza kuarifiwa. Anapigiwa simu kabla ya redio. Kwenye meli ya zamani lilikuwa jina la mama. Hii ni ya meli mpya, natakiwa kuirudisha likizo ikiisha."

"Hebu nione."

Akaichukua. Aliisoma mbele, akaisoma nyuma, akaiinua kwenye mwanga kutazama muhuri, akaupitishia kidole kuona kama wino unatoka. Pa kuandikia jina palikuwa patupu. Hakukuwa na alama ya jina lililofutwa.

"Kama ungekuwa na mke Mombasa?"

"Angekuwa hapo. Mwanamume anaweza kumficha mke wake kwa watu wote, lakini si kwenye hii. Akimwacha nje ya hii, amemwacha kabisa."

Muuza ndizi alijifanya anapanga ndizi zake. Mokeira akamrudishia Ogoti karatasi.

"Andika. Mokeira Nyabuto." Akataja nambari ya kitambulisho polepole, tarakimu kwa tarakimu, akataja na ya simu. Ogoti aliandika karatasi ikiwa juu ya begi, akiikinga mvua kwa bega.

"Hapa wanauliza uhusiano," akasema.

"Mke."

"Moke, wazee hawajakaa."

"Jumapili saa nne kamili uwe Nyamira na wazee wako wa Tabaka. Saa nne na nusu ni Obadiah, na baba hachelewi. Wakishakaa, utapitisha wino. Leo andika kwa penseli."

"Sina penseli."

Akachomoa yake ya kushonea iliyokuwa chini ya kitambaa cha kichwa, akampa, kisha akasimama karibu naye kabisa, aone kama anaandika kweli.